Nilivyoacha Kuwakimbia Polisi wa Chicago

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, mzaliwa wa Kisauni, na makao yangu sasa ni mtaa wa Rogers Park, kaskazini mwa Chicago. Nilikuja Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Karo ilipotushinda nikaacha chuo, na viza ikafa nikiwa huku huku. Tangu hapo nimekuwa mmoja wa wale ambao Waswahili wa Marekani husema hawana makaratasi. Nalea wazee majumbani mwao, nalipa kodi ya nyumba, namtumia mama chochote ninachojaliwa. Nashuhudia hapa jinsi sheria ya mji ilivyoniondolea woga mmoja na kuniachia mwingine.

Woga wenyewe nilitoka nao nyumbani. Kwetu askari na kipande ni kitu kimoja: akikusimamisha, kitambulisho huulizwa kabla ya salamu. Mwaka 2014, katika msako wa polisi wa Kenya ulioitwa Usalama Watch, watu kwa maelfu walikamatwa, wengi wao Eastleigh, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa vitambulisho, wakiwemo Wakenya wenye asili ya Kisomali. Basi sikuhitaji kufundishwa na Mmarekani kuogopa sare. Nikiona gari la polisi barabara ya Clark, nilikuwa navuka upande wa pili. Mwajiri wangu wa kwanza alizuia mshahara wangu huku akinikumbusha kwamba hali yangu anaijua. Nilinyamaza.

Kilichonitoa kimya ni shida ya jirani. Ghorofa ya juu aliishi dada mmoja wa Bujumbura, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Mumewe alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Usiku mmoja watoto wao walishuka kunigongea mlango, na mkubwa wao akaniambia, "Shangazi, baba anamuua mama." Nilipiga 911.

Polisi walifika, wakamchukua yule bwana, na mmoja wao akabaki kuandika maelezo yangu. Aliuliza jina langu, namba ya simu, nilichosikia na nilichokiona. Nilikuwa nasubiri swali la uraia, lakini hakuliuliza. Mwishowe nilimuuliza mwenyewe kama hataki kuona pasipoti yangu. Akajibu kwamba sheria ya mji hainiulizi hilo, wala yeye hana ruhusa ya kuniuliza.

Nilidhani nimebahatika kupata askari mwema. Wakili wa kujitolea aliyekuja kuzungumza nasi katika ukumbi wa kanisa ndiye aliyenitoa ujingani. Meya Harold Washington, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza Chicago, alitoa amri mwaka 1985 kwamba watumishi wa mji wasiwaulize wakazi habari za uhamiaji bila sababu ya kisheria. Mwaka 2006 baraza la madiwani liliigeuza kuwa sheria, na mwaka 2012 likaipanua. Askari wa Chicago haruhusiwi kumkamata mtu wala kumweka ndani kwa sababu ya uhamiaji peke yake, au kumtishia kwamba atamripoti. Hapo awali kulikuwa na watu walioachwa nje ya kinga hiyo, kwa mfano waliotajwa kwenye orodha ya polisi ya magenge, ambayo mtu angeweza kuingizwa kwa kushukiwa tu. Januari 2021 madiwani waliyafuta mapengo hayo. Ngazi ya jimbo nayo ina sheria yake ya namna hiyo: TRUST Act ya Illinois ilitiwa saini mwaka 2017 na Gavana Bruce Rauner, naye ni wa chama cha Republican.

Yule dada wa Bujumbura alikuwa na swali zito kuliko langu. Alitaka mumewe aache kumpiga, lakini hakutaka arudishwe Burundi kwa sababu yake. Je, akichukuliwa alama za vidole, Uhamiaji hawatajua? Wakili hakumdanganya. Alama za vidole za mtu aliyekamatwa hupelekwa FBI, na kutoka huko hufika kwa idara ya usalama wa ndani, mji upende usipende. Uhamiaji wakishajua, huweza kuiandikia jela iendelee kumshikilia mtu hadi saa 48 baada ya muda wake wa kutoka, ili waje kumchukua. Hilo ni ombi, na halina saini ya jaji. Kaunti ya Cook, yenye kusimamia jela, iliamua mwaka 2011 kutoyatii maombi hayo. Hukumu ya kupiga mke iko palepale, ila jela haimwongezei mtu kifungo kwa niaba ya Uhamiaji. Dada aliposikia hayo alikubali kwenda mahakamani, nami nikaenda kutoa ushahidi.

Kuanzia hapo nilibadilika. Nilikwenda kudai mshahara wangu, na sehemu yake nikalipwa. Nilichukua kitambulisho cha CityKey, kinachotolewa na mji. Ndicho kitambulisho, ndicho kadi ya maktaba, ndicho kadi ya nauli ya basi na treni. Binamu yangu aliyeko Dallas hana bahati hiyo. Texas ilipitisha sheria yake mwaka 2017, SB 4, inayokataza miji kuwa na kanuni kama zetu na inayozilazimisha jela zitii maombi ya Uhamiaji. Nchi ni moja, lakini yeye hadi leo akiibiwa hapigi simu polisi.

Sitaki mtu asome haya akadhani Chicago ni pepo. Septemba 2025 serikali kuu ilianzisha operesheni iliyoiita Midway Blitz, maafisa wa Uhamiaji wakaingia mitaani kwetu. Majirani walipuliza filimbi kila walipowaona. Wateja wangu wazee walinisihi nilale kwao nisitembee. Sheria ya mji haikuwazuia maafisa wale, kwa maana mji hauna mamlaka ya kuizuia serikali kuu. Uwezo wake ni kukataa kuwakopesha askari wake, jela yake na majalada yake. Hayo ni nusu shari, na wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Hata nusu hiyo imepiganiwa mahakamani. Februari 2025 serikali kuu iliishtaki Chicago pamoja na jimbo la Illinois. Julai mwaka huo huo Jaji Lindsay Jenkins aliitupa kesi, akisema Katiba hairuhusu serikali kuu kuwatumikisha maafisa wa jimbo na mji. Msingi huo uliimarishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1997, katika kesi ya Printz, sherifu wa Montana aliyekataa kulazimishwa kuwachunguza wanunuzi wa bunduki. Sherifu yule alikuwa akitetea mambo yake, na leo mlezi wa wazee kutoka Kisauni anajikinga chini ya ushindi wake.

Ndugu msomaji uliye ughaibuni, ijue sheria ya mji wako kabla shida haijakujia, kwa kuwa kila mji na kila jimbo lina lake. Jua kwamba hati ya kuingia nyumbani kwako inahitaji saini ya jaji, si ya afisa wa Uhamiaji. Usidanganye, usitie saini usichokielewa, na tafuta wakili wa kweli, si dalali wa makaratasi. Na jirani akipigwa, mpigie simu polisi kama mji wako unakulinda. Sheria hii iliandikwa ili kilio cha mtu kisikilizwe kabla ya kuulizwa kipande, nayo haitamfaa mtu yeyote ikiwa sote tutaendelea kunyamaza.