Nilivyorudi Msikitini Baada ya Kiharusi

Watu walinipa pole kwa mkono na mguu wa kushoto. Lililonitesa zaidi hakuna aliyeliuliza: mkojo ulikuwa unanitoka bila kuweza kuuzuia. Mwanamume mwenye wajukuu, nabadilishwa shuka na mwanangu. Wenzangu wa msikitini hapa Tanga wakija kunijulia hali, mke wangu aliwaambia nimelala, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwomba.

Aliyenitoa mafichoni ni nesi mmoja. "Mzee wangu," aliniambia, "karibu nusu ya wanaolazwa kwa kiharusi huanza hivi hivi, na wengi hupata nafuu kabla mwaka haujaisha." Ubongo ndio unaokiamuru kibofu kisubiri. Ukijeruhiwa, kibofu hujikaza chenyewe na haja huja ghafla. Halafu akaitazama suruali yangu yenye zipu na mkanda. Mwenye mkono mmoja ataifungua saa ngapi?

Kabla ya yote nilipimwa mkojo kuona kama una maambukizi, na daktari akaniangalia tezi dume, maana ikivimba huziba njia, kibofu hujaa mpaka kikamwagika. Nyumbani walikuwa wamenipunguzia maji wakidhani wananisaidia, nesi alikataza. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na ukikosa choo kinyesi nacho hukikandamiza. Nikarudishiwa maji yangu ya mchana, chai ya usiku ikaondolewa. Nikaanza kuvaa msuli badala ya suruali. Chupa ya mkojo ikawekwa upande wa mkono mzima, na kila baada ya saa mbili nilipelekwa haja, nitake nisitake. Kibofu kilipozoea, tukaongeza muda kidogo kidogo. Usiku nilivaa mpira wa nje, ule unaovishwa kama kondomu na kuungwa na mfuko. Mwanangu aliubadilisha kila siku na kukagua ngozi isichubuke. Pampasi zilibaki za safari.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye swala. Nikiwa na najisi nitasimamaje mbele ya Mola? Shekhe wetu alikaa kitandani pangu akanieleza kwamba mwenye maradhi haya ana udhuru: wakati wa swala ukiingia anajisafisha, anajikinga kwa kitambaa, anatawadha na kuswali pale pale bila kuchelewa, kila faradhi kwa udhu wake. Nililia. Miezi yote ile nilijiona nimefukuzwa, kumbe mlango ulikuwa wazi.

Leo naswali jamaa nikiwa nimeketi kwenye kiti mwishoni mwa safu. Mkojo bado hunitoka mara moja moja, hasa nikikohoa, na sijifichi tena.

Wewe uliye na baba au mume aliyepata kiharusi, muulize habari za mkojo wake, tena muulize faraghani, na umpeleke akapimwe. Usingoje aseme mwenyewe. Wanaume hatusemi.