Ploti Hii Haiuzwi

Ukishapita Njiru, mashariki mwa Nairobi, kuelekea Ruai kwa Barabara ya Kangundo, maandishi hayo hayakuachi. Yako kwenye kuta za mawe zisizopigwa lipu, kwenye mageti ya mabati, hata kwenye jiwe kubwa katikati ya nyasi: "Ploti hii haiuzwi." Mwenyewe huenda yuko kazini mjini au ng'ambo, na anajua kwamba akinyamaza, matapeli wataiuza kwa watu watatu.

Huku kulikuwa malisho. Katika miaka ya 1970, chini ya Muhuri Muchiri aliyekuwa mbunge wa Embakasi, watu walichanga wakanunua hisa za kampuni ya Embakasi Ranching. Mtu ambaye peke yake asingeweza kununua hata kona alijikuta mmoja wa wenye shamba lote. Kampuni kama hizo zilienea Kenya. Ngwataniro ya Nakuru ilivuma sana. Kisha, miaka ya 1980, serikali ya Rais Moi ikaziagiza zigawe ardhi kwa wanachama.

Kando ya jengo la ghorofa tano nilimkuta shosho akiuza sukuma wiki. Alikuwa mwanahisa.

"Tulilipa shea sawa, mwanangu," aliniambia. "Mimi nikauza ploti nikalipa karo. Huyu hapa alingoja lami."

Lami ilikuja, Eastern Bypass ikakutana na Kangundo hapa Ruai, na aliyengoja akapangisha vyumba. Lakini kungoja kunahitaji akiba. Wengi walikaa miaka na miaka na cheti cha kampuni tu, bila hati miliki, na benki haikopeshi kwa cheti. Mwenye mshahara aliweza kuvumilia. Mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo aliuza kwa bei aliyotajiwa. Sioni uvivu wala ujinga hapo.

Kusini mwa China, wilayani Nanhai, vijiji vilichukua njia nyingine miaka ya 1990: ardhi ikabaki ya pamoja, ikakodishwa kwa viwanda, wanakijiji wakagawana mapato. Wafanyakazi waliohamia huko wakapanga vyumba hawakupata gawio, na hilo nalo ni dhuluma. Hata hivyo, mjane wa kijiji hakulazimika kuuza sehemu yake ili mtoto asome. Ruai nilitafuta jengo ambalo kodi yake inagawiwa wanahisa wote. Sikuliona. Kugawa ploti kulikuwa haki, maana kila mtu alistahili chake mkononi. Kinachoniuma ni kwamba hakikuachwa kipande cha kuwalea wote baadaye.

Na wapangaji, ambao ndio wengi, hawamo kabisa katika hesabu hii. Alfajiri wanajaza matatu kwenda Industrial Area, na mwisho wa mwezi keateka anabisha mlangoni kwa niaba ya landilodi ambaye baadhi yao hawajawahi kumwona.

Kijana wa bodaboda aliyenirudisha stejini alizaliwa katika chumba cha kupanga kama hivyo. Yeye na wenzake wana chama, wanachanga kila wiki, na wameona shamba Joska, mbele zaidi kwenye barabara hii hii, ndani ya Machakos. Nikamuuliza watalifanyia nini wakishalipata.

"Tunagawa siku hiyo hiyo," akasema. "Kila mtu na hati yake."

Nilimsihi wabakize japo ploti mbili za chama. Akasema atalipeleka kwenye mkutano wa Jumapili.