Kabla ya Duara Kutangulia

Aliyewahi kupigwa picha ya kifua enzi za filamu hajasahau ubaridi wa kaseti iliyomgusa kidevuni, wala sauti ya mpiga picha kutoka nyuma ya ukuta: "Vuta pumzi, izuie, usipumue." Sisi wa upande wa pili wa mlango tulikuwa na chumba cha giza, taa yake nyekundu hafifu, matangi ya dawa yenye ukali wa siki ulioyang'ang'ania makoti hadi nyumbani, na filamu zilizoning'inia zikidondosha maji, huku muuguzi wa wodini akibisha hodi kuulizia picha ya mgonjwa wake na kujibiwa asubiri, maana mlango ukifunguliwa picha zote zimeungua.

Ikikauka, filamu ilipachikwa kwenye sanduku la taa nasi tukalizunguka, daktari bingwa mbele na lenzi yake mkononi, wanafunzi tukichungulia mabegani mwake. Bingwa wetu hakuruhusu mtu aanze na mapafu: kwanza mifupa, kisha moyo, kisha kiwambo, ndipo mapafu, na mwisho pale nyuma ya mtulinga ambapo kinundu hupenda kujificha. Aliyedai ameona kitu aliweka kidole juu yake na kukitetea mbele ya wote.

Siku hizi duara linatangulia. Picha ya CT ikifunguliwa, programu imeshazungushia kila inachokidhania kinundu, na pembeni imeandika ukubwa wake kwa milimita.

Sitaki mtu adhani nalilia filamu. Kifua kimoja kwenye CT huweza kutoa mamia ya vipande, na mshipa wa damu uliokatwa kimshazari hufanana sana na kinundu mpaka uteremke kipande baada ya kipande: mshipa unaendelea na safari yake, kinundu kinaonekana kidogo kisha kinakwisha. Hiyo ni kazi ya kuchosha macho, na macho yaliyochoka huruka vitu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo walikuwa wameficha picha ya sokwe ndani ya CT za mapafu, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida, wakawapa madaktari bingwa 24 wasake vinundu. Ishirini hawakumwona. Kompyuta haichoki saa kumi jioni. Na kuviona vinundu mapema kuna faida ya kweli: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wenye wavuta sigara wa sasa na wa zamani zaidi ya 53,000, ulionyesha kuwa waliochunguzwa kwa CT ya mionzi midogo walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei ya kawaida.

Ila yule sokwe programu ya vinundu nayo ingempita. Inatafuta ilichofundishwa. Nani aliyeifundisha? Hazina moja mashuhuri ya mafunzo hayo, iliyokusanywa Marekani, ina CT 1,018, kila moja ikiwa imesomwa na mabingwa wanne. Walitia alama vinundu 2,669 vya milimita 3 au zaidi. Vilivyokubaliwa na wote wanne ni 928 tu. Ule ubishi wa mbele ya sanduku la taa umo ndani ya mashine, ila hausikiki tena.

Nao ndio ninaoukosa. Mapafu ya watu wetu wengi yamebeba makovu ya kifua kikuu, vinundu vikavu vilivyojaa chokaa tangu miaka mingi. Zamani mtu mmoja kati yetu angeuliza, "Mzee huyu aliwahi kumeza dawa za TB?" na mwingine akatoka kwenda kumwuliza benchini. Leo kila mmoja yuko na skrini yake. Ripoti inatoka haraka, mgonjwa hajaonwa. Kwa wanafunzi nina msimamo, wala sitaulegeza: soma picha nzima kwanza, mifupa hadi mapafu, andika ulichokiona, ndipo uwashe alama za kompyuta. Ikikuonyesha ulichoruka, ishukuru na urekebishe.

Nawe msomaji, kuna la kwako. Wazazi wetu walihifadhi bahasha kubwa za kahawia chini ya godoro, nasi tulizipokea zimekunjika pembe na kuzithamini, kwa sababu kinundu kigumu ambacho hakijakua kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani, na ni picha ya zamani inayoweza kukuokoa na sindano ya kuchukua nyama ya pafu. Sasa picha inabaki kwenye mitambo ya hospitali ulikopimwa. Kabla hujaondoka, omba nakala yako, itunze, na siku ukiitwa kupima tena, nenda nayo.