Kabla hujanunua gari la umeme, hesabu vistari

Staa mmoja wa Bongo (jina kapuni) katupia picha ya gari lake la umeme, na tangu siku hiyo waifu hataki kusikia habari za IST. Freshi, sikubisha. Ila sisi tuna bajeti ndogo, watoto wawili na mama mkwe wa kupeleka kliniki, kwa hiyo tukaenda kuangalia Nissan Leaf ya mtumba, zile za 2011 hivi. Bei inavutia kweli!

Sasa jamani, usiishie kwenye kilomita. Kwenye dashibodi, pembeni ya mita ya chaji, kuna vistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kikizimika tu, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Na Leaf hizo hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, wakati joto la Dar mnalijua.

Tuliyoonyeshwa ilibaki na 8, yaani karibu theluthi imeshaondoka. Muuzaji anasema, "Kwa mjini inatosha, kaka." Sawa, na mama akizidiwa usiku umeme umekatika? Waifu akaguna.

Tunatafuta IST ya cc 1300. Rangi atachagua yeye.