Ujira wa Mgeni

Tulipokuwa tukiezeka kanisa letu dogo hapa Butembo, alikuja seremala mmoja aliyekimbia vita pande za Beni. Kazi yake ilikuwa njema, lakini tulimlipa nusu ya fedha tuliyowapa mafundi wetu. Mimi katekista ndiye niliyeandika hesabu, nikanyamaza. Jioni nilisalisha Rozari, moyo usitulie.

Siku zile nilikuwa nikisoma habari za mgeni mwingine, Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka wa 1913, akaja Nairobi mwaka wa 1927. Alifanya kazi ya kupiga chapa kwa baba yake, lakini aliitazama taabu ya vibarua. Mwaka wa 1935 akawa mwandishi wa chama cha wafanyakazi Wahindi, na chama kile kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka wa 1937 wakagoma siku 62, wakaongezewa mshahara.

Mwaka wa 1949 yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama vya wafanyakazi. Tarehe 23 Aprili 1950, mkutanoni Kaloleni, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata Waingereza walimkamata, wakamweka kizuizini kaskazini mwa Kenya mpaka Oktoba 1961. Uhuru ulipofika mwaka wa 1963, hakupewa uwaziri. Alikufa mwaka wa 1973.

Hakuwa Mkristo, tena alifuata Ukomunisti, ambao Kanisa haliukubali. Lakini Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya ujira unaomtosha na haki ya kuunda vyama. Mimi nililisoma neno hilo seminarini, nikalisahau. Yeye aliyapigania mambo hayo, akafungwa miaka 11 na zaidi.

Tena aliona jambo tusiloliona sisi. Mgeni akilipwa kidogo leo, kesho mwenyeji naye ataambiwa: pokea hicho hicho, au ondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumapili iliyofuata niliungama mbele ya wazee wa shirika kosa la hesabu yangu. Wengine walinung'unika. Mwishowe tukachanga, tukampelekea seremala fedha iliyobaki. Aliihesabu mara mbili, akauliza: "Hii ni ya kazi gani?" Nikamjibu: "Ni ya kazi ile ile, baba."

Ndugu msomaji, fundi aliyejenga kwako mwaka huu, ulimlipa kwa kazi yake, au kwa kijiji alikotoka?