Ufukwe wa Vumawimbi na Viumbe Visivyoonekana
Mwenye kwenda Kigomasha, kaskazini magharibi mwa Pemba, hupita kwanza ndani ya Msitu wa Ngezi, kisha humtokea ufukwe wa Vumawimbi: mchanga mweupe, mwani mkavu na vipande vya miti vilivyotupwa na maji. Wengi wetu huudhania mchanga ule kuwa kitu kisicho uhai. Sivyo.

Baina ya chembe za mchanga huishi kuvu, jamaa za uyoga na za ukungu uotao juu ya mkate. Mmojawapo ni Corollospora maritima, aliyeenea katika bahari nyingi duniani. Kuvu hao huozesha mwani, majani na magogo, wakavirejesha kuwa chakula cha viumbe wengine. Mbegu zao zina vinyuzi vya kuzisaidia kuelea. Ndiyo maana wataalamu huzitafuta katika povu la mawimbi. Juu zaidi, penye mimea itambaayo, kuvu wa aina nyingine hushikana na mizizi, wakaipatia fosforasi na kuzifunga chembe za mchanga zisipeperuke.

Basi tunapoambiwa katika vikao vya ujenzi kwamba mchanga wa pwani ni wa bure, tukumbuke tunachokichota. Chumvi yake hutia kutu nondo za jengo, na shimo linaloachwa huvunja kazi ya viumbe wanaoulinda ufukwe bila ujira. Kamati za misikiti na ziagize mchanga kutoka machimbo yaliyoruhusiwa, ijapokuwa gharama itazidi. Nyumba ya Mwenyezi Mungu haifai kujengwa kwa kumdhuru jirani, nao wavuvi wa ufukwe ule ni jirani zetu.