Kipimo changu cha kwanza

Kwa hesabu yangu nilikuwa na wiki 6. Niliambiwa ninywe maji nisiende haja, kibofu kikijaa mfuko wa uzazi huonekana vizuri. Nikakaa kwenye benchi nimebana miguu, yarabi! Na gauni nililovaa lilikuwa la kupandishwa lote. Nyinyi vaeni sketi ya mpira na blauzi, mtafunua tumbo tu.

Daktari alikuwa mwanamke, alhamdulillah, maana niliuliza mapema dirishani. Akanipaka jeli ya baridi. Kimya. Akasema anaona kifuko tu. Akaniomba apime kwa ndani, basi nikaenda kukojoa kwanza. Hakuumiza. Bado kifuko kitupu.

"Huenda siku umekosea, mimba bado changa. Rudi baada ya wiki 2. Ukiona damu au maumivu makali usingoje."

Nilimwambia mume wangu peke yake. Wiki 2 zile nguo za maharusi zilinilalia mezani, mkono haushiki sindano.

Niliporudi, ndani ya kifuko pana kitu kama haragwe, katikati kinapepesa. Moyo. Pale sikulia. Nililia kwenye daladala, ushungi usoni.